Mwaka wa Majina Matatu

Ni wangapi? Swali hili nimekaa nalo kwa zaidi ya miaka ishirini na mitano, na sina jibu lake, wala hakuna mtu anayeweza kunipa. Ni watu wangapi walioingia katika programu yangu ya kompyuta mwaka ule wa 1998 kwa majina yao halali, wakakaa humo siku mbili au miezi miwili, kisha wakafutwa na mtu mwingine aliyeitwa kama wao, bila mashine kutoa hata mlio? Namjua mmoja. Waliobaki siwezi kuwahesabu, kwa sababu chombo nilichokitumia hakiweki kumbukumbu ya vile kinavyovitupa. Nimeogopa mambo mengi maishani, magonjwa na barabara na kustaafu, lakini hofu ya kosa lisiloacha alama haifanani na nyingine yoyote. Haina mahali pa kuishika.

Bishar alifariki mwezi uliopita. Nilikwenda Garissa kuhani, nikaketi mkekani katika nyumba yake ya mtaa wa Iftin pamoja na wanawake wa hapo, tukanywa chai yenye iliki nyingi, na mjane wake akaniambia kwamba hadi siku zake za mwisho marehemu alikuwa akinitaja kwa jina la "Sawadi wa mashine." Jina langu ni Zawadi, yeye hakuwahi kulisema hivyo, nami sikuwahi kumsahihisha. Nilipokuwa natoka, kijana wake mkubwa alinifuata hadi langoni. "Shangazi," aliniambia, "Baba alikuwa akisema wewe ndiye mtu mwoga kuliko wote aliofanya nao kazi. Halafu anacheka, anasema, lakini alikwenda. Hakuwahi kutuambia ulikwenda wapi." Nilimjibu kwamba nitamwandikia. Haya ndiyo ninayomwandikia.

Nilifika Garissa mwezi wa Februari, mvua kubwa zikiwa zimekwisha lakini barabara zikiwa bado hazijapona. Nilikuwa na shahada ya hisabati yenye umri wa miezi michache, sanduku moja, na disketi nne nilizozifunga ndani ya soksi zisiingie vumbi. Shirika lililoniajiri lilikuwa dogo: liliwatafuta watu waliopotezana katika vita na katika kukimbia, mama na mtoto, mume na mke, likijaribu kuwaunganisha. Niliikubali kazi hiyo kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka. Niliogopa tangu kizuizi cha kwanza cha polisi, basi letu liliposubiri askari wa kulisindikiza, na abiria wote wakanyamaza kwa pamoja kama watu waliowahi kufundishwa namna ya kunyamaza. Bishar ndiye aliyenipokea. Alikuwa mkalimani wa ofisi, mwanamume mrefu wa miaka arobaini hivi, mwenye ndevu alizozitia hina. "Karibu, abaayo," alisema, akitumia neno lao la kumwita dada. "Kenya hamjambo?"

"Lakini hapa pia ni Kenya," nilimjibu.

"Hilo umesema wewe. Sisi bado tunasubiri barua ya kutuambia."

Ofisi ilikuwa vyumba viwili vilivyotenganishwa kwa ukuta wa mabati. Cha nje kilikuwa na benchi refu, meza ya Bishar na mtungi wa maji. Cha ndani kilikuwa changu: kompyuta moja, feni iliyozunguka kwa kulalamika, pazia la gunia tulilolilowesha kila saa ili litupunguzie joto na vumbi, na kwenye kona redio ya upepo tuliyoitumia kuzungumza na vituo vyetu vya Wajir, Mandera na Lafey saa nne asubuhi na saa kumi alasiri. Jenereta lilizimwa jioni. Mchana tulikula tambi na nyama ya mbuzi, na ndizi mbivu pembeni, ambayo nilijifunza kuila pamoja na tambi kwa sababu Bishar alikataa kuendelea kula hadi nitakapofanya hivyo. Kupitia mabati niliwasikia watu wa benchi siku nzima. Sikukijua Kisomali, lakini baada ya wiki chache nilitambua kwamba kila aliyeketi mbele ya Bishar, kabla ya kueleza chochote, alianza kwa kitu chenye mahadhi, jina baada ya jina, kumi, kumi na tano, pasipo kusita, kama mtoto anavyosoma sura aliyoihifadhi. Nilimuuliza Bishar ni dua gani. Alicheka hadi akajifuta macho. "Ni jina, abaayo. Jina la mtu anayemtafuta. Lake, la baba, la babu, la baba wa babu, mpaka kule mwanzo. Mtoto wetu wa miaka saba akishindwa kulisema lote, bibi yake hampi maziwa."

Sisi tuliandika matatu ya kwanza, basi. Hiyo ilikuwa amri ya mkuu wetu, Bwana Mutiso, na sitaki kumfanya mtu mbaya, kwa kuwa amri ile ilitokana na hofu iliyokuwa na sababu. Katika kazi aliyoifanya kabla ya hapo, ng'ambo ya mpaka, alikuwa ameshuhudia orodha ya majina marefu ikiangukia mikono isiyofaa. Jina refu linataja ukoo, na katika miaka ile ukoo ulitosha kumfanya mtu ateremshwe garini. "Matatu," alituambia, akiinua vidole vitatu. "Serikali inatosheka na matatu, na sisi tutatosheka." Kwa hiyo, karatasi zilipotufikia kutoka kambi za Dadaab au mpakani zikiwa na majina marefu, mimi nilichukua kalamu nyekundu na rula, nikakata kila kilichozidi, kisha nikaingiza kilichobaki kwenye mashine. Nilifanya kazi hiyo kwa unadhifu mkubwa. Nilikuwa nikiona fahari juu ya unyoofu wa ile mistari.

Inanibidi nieleze kidogo jinsi programu yangu ilivyofanya kazi, maana bila hivyo kosa langu halionekani. Lugha niliyoitumia kuiandika ilikuwa na aina ya hifadhi inayoshika vitu viwili viwili, ufunguo na thamani yake. Unaipa ufunguo, inakurudishia thamani papo hapo, bila kupekua mengine yote. Mfikirie karani mwenye kabati la visanduku visivyo na idadi, kila kimoja na kibandiko chake. Ukitaja kibandiko, mkono wake umekwisha kufika. Lakini kibandiko kimoja kina kisanduku kimoja tu. Ukija na kibandiko kilichokwisha kuwapo, na karatasi mpya mkononi, karani huyu hakuulizi kama una hakika. Anaitoa karatasi iliyokuwamo, anaitupa, anaweka mpya, anafunga. Mimi niliuchagua ufunguo: majina matatu ya mtu. Thamani yake ilikuwa mahali alikoonekana na hali yake. Chuoni nilikuwa nimeijaribu programu ya namna hiyo kwa majina ya wanafunzi wenzangu, Mwakio na Otieno na Wanjiru na Chebet, na hawakugongana hata mara moja. Mstari mmoja ungetosha kuiuliza mashine kama ufunguo huu umekwisha kuwamo. Nilijua namna ya kuuandika mstari huo. Sikuuandika, kwa sababu haikunipitikia kwamba kuna mahali duniani ambapo wanaume ishirini wanaweza kukaa chini ya paa moja wakiitwa kwa majina yale yale matatu, na kila mmoja wao akajua vizuri kabisa kwamba yeye si yule mwingine, kwa sababu kuna jina la nne.

Na onyo nililipata. Hili sijawahi kumwambia mtu. Mwezi wa Aprili nilihesabu mistari ya karatasi nilizokuwa nimeziingiza, kisha nikaiuliza programu ina funguo ngapi, na hesabu mbili hizo zikakataa kulingana: mashine ilikuwa na watu wachache kuliko karatasi. Nilikaa nikiitazama tofauti hiyo kwa muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai. Halafu nikaandika katika ripoti kwamba programu imefanikiwa kuyaondoa majina yaliyorudiwa. Bwana Mutiso aliisoma akanipa mkono. "Ndiyo faida ya kuajiri watu waliosoma," alisema mbele ya wote. Nilitabasamu. Wale walioondolewa, popote walipokuwa, hawakuwa na habari.

Mama Dahabo alikuja mwezi wa Juni. Nilimfahamu tayari, kwa sababu alikaa kwa jamaa zake katika ua uliopakana na ule ambamo nilipanga chumba, na kila asubuhi aliuza maziwa ya ngamia kwenye kona ya Iftin, akinikemea kwa kununua kikombe kidogo. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, cha haraka, kisichojali lipi limetangulia. "Wewe Sawadi, iko nyembamba kama fimbo ya mlango. Nani taoa wewe?" Siku ile aliingia bila utani. Alimtafuta mwanawe, aliyempotea wakivuka mpaka miaka sita nyuma, na nikamsikia kupitia mabati akilitaja jina lake lote kwa Bishar, taratibu, kama anayeshuka ngazi gizani kwa kupapasa. Karatasi iliyonifikia ilisema Abdi Mohamed Ali. Niliandika majina hayo, nikabonyeza, na kabati likafunguka: Lafey, mzima, anachunga ngamia. Nilikwenda mwenyewe benchini kumwambia. Alinitazama mdomo, kisha macho, kisha mdomo tena.

"Sema tena."

"Yuko Lafey, Mama. Yuko hai."

"Iko hai? Wallahi? Mashine nasema wallahi?"

"Mashine imesema," nilimjibu, na Mungu anisamehe, nilisema hivyo kwa kiburi.

Hakulia. Alivua ushungi akauvaa tena, akaomba maji, akanywa yote, akataka kujua ni lori lipi linalokwenda Lafey. Safari hiyo kila mtu wa Garissa aliiogopa. Ilikuwa ni Wajir kwanza, halafu El Wak, halafu ile njia inayopita karibu na mpaka, siku kadhaa juu ya magunia ya sukari. Na wiki mbili kabla ya hapo lori moja lilikuwa limevamiwa, na waliorudi hawakutaka kusimulia. Mama Dahabo aliwauza mbuzi wake wanne, akapata nafasi katika lori litakaloondoka Jumatano baada ya sala ya alfajiri.

Jumanne, baada ya chakula cha mchana, alikuja mama mwingine. Aliitwa Shamsa, mwembamba, mwenye jicho moja lililofunikwa na ukungu, na alikuwa amefika Iftin siku chache tu nyuma, akitokea Dadaab. Nilisikia mahadhi yale yale kupitia mabati, kisha kitu ambacho sikuwa nimewahi kukisikia: sauti ya Bishar ikimkatiza mtu katikati ya jina. Alimfanya arudie. Halafu aliinua pazia la gunia akaingia, akasimama nyuma ya kiti changu.

"Abaayo, muulize karani wako. Abdi Mohamed Ali."

Nilibonyeza. Lafey, mzima, anachunga ngamia.

"Huyo si ni wa Dahabo?"

"Ndiye."

"Huyu mama pia anamtafuta Abdi Mohamed Ali. Lakini Ali wa Dahabo ni mwana wa Farah. Ali wa huyu ni mwana wa Nur. Kijana mmoja, baba wa babu wawili? Labda kwenu Kenya."

Alitaka nicheke. Nilihisi jasho likinishuka mgongoni, baridi, katika chumba ambacho hakuna kitu chenye ubaridi kilichowahi kuingia. Nilimwambia amwombe Mama Shamsa arudi kesho. Kisha nikafungua kasha la karatasi za zamani na kuanza kuzipitia kwa mkono, moja moja. Niliikuta katika rundo la mwezi wa Machi. Ilikuwa orodha ya mazishi iliyoandikwa na maalimu wa msikiti mmoja wa kambini, kwa mwandiko wa mtu aliyezoea kuandika Kiarabu: waliokufa kwa homa baada ya mvua, siku waliyozikwa, na waliowaosha. Katikati ya ukurasa, Abdi Mohamed Ali. Mimi mwenyewe nilikuwa nimemwingiza, Machi. Alikuwamo kabatini, marehemu, hadi siku ya Mei ilipokuja orodha ya Lafey na Abdi mwingine, nikampa karani karatasi mpya, naye akaitupa ya zamani kama nilivyomfundisha. Mbele ya majina matatu kulikuwa na mstari wangu mwekundu, mnyoofu, na chini ya mstari huo majina mengine manane. Bishar aliinamia karatasi. Alisoma kwa kidole, midomo ikienda bila sauti, akafika mwisho, akarudi kwenye jina la nne.

"Farah," alisema. Akaketi juu ya ndoo iliyofudikizwa. "Inna lillahi. Huyu ni wa Dahabo. Alinisomea majina haya haya, mezani kwangu, hakuna hata moja lililopungua."

Saa kumi tulifungua redio. Bwana Mutiso alikuwa amekwisha kuelezwa, na alisimama karibu yetu akiwa amekunja mikono. Hakuturuhusu kuuliza ukoo hewani, kwa sababu mawimbi yale yalisikilizwa na kila mwenye redio kutoka Tana hadi mpakani. Bishar akapata njia. "Muulizeni yule mchungaji wenu, mama yake anaitwa nani." Tulisubiri. Redio ilikwaruza, ikapiga mluzi, ikanyamaza. Nilijikuta nikiomba, mimi niliyesomea hesabu, kwamba mtu wa Lafey ataje jina ambalo najua hawezi kulitaja. Sauti ikarudi, ya mbali, yenye furaha ya mtu asiyejua anachokisema. "Yupo hapa hapa, ameleta maziwa. Anasema mama yake ni Shamsa. Ana jicho moja bovu. Mmempata?"

Bwana Mutiso alifunga mlango. Nakumbuka alizungumza kwa upole, na upole wake ndio ulionitisha. "Dahabo aende," alisema. "Tutaandika barua, ofisi ya Lafey itampokea. Kule wapo wazee wanaojua namna ya kusema mambo haya. Sisi ni nani? Zawadi, wewe una miaka mingapi? Ukitoka pale nje useme mashine ilikosea, kesho uwanja huu utajaa watu wanaotaka kujua kama wafu wao wako hai, na kama hao walio hai wamekufa. Utawajibu nini?"

"Sitakuwa na la kuwajibu," nilisema.

"Basi."

"Na njia ya Lafey, Bwana Mkubwa?" Bishar aliuliza. "Ikiwa lori litapigwa, tutaandika barua nyingine?"

Bwana Mutiso alisema tu kwamba hatamzuia mtu anayetaka kwenda kuzungumza na jirani yake, lakini atakayekwenda ataenda kwa jina lake, si kwa jina la shirika. Kisha akachukua kofia yake akatoka.

Lazima niwe mkweli kuhusu saa zilizofuata. Sikuwa shujaa. Jambo la kwanza nililolifanya nilipofika chumbani ni kulivuta sanduku langu kutoka uvunguni, kwa sababu basi la Nairobi lingeondoka asubuhi ile ile ya Jumatano. Jua lilikuwa bado halijazama. Upande wa pili wa ukuta wa makuti na mabati, katika ua wa Mama Dahabo, wanawake walikuwa wakikaanga nyirinyiri, zile nyama ndogo ndogo za ngamia zinazokaa wiki nyingi ndani ya mafuta yake bila kuharibika, kwa ajili ya kijana. Harufu ilijaza chumba changu. Niliwasikia wakicheka. Jirani mmoja aliyependa kuchanganya Kiswahili alisema, "Sasa utamkuta na mke na watoto watatu, hata hakujui," na sauti ya Mama Dahabo ikajibu, "Mimi nachukua watoto, mke nabakia yeye!" wakacheka wote upya. Nimejiuliza mara nyingi, hasa tangu nianze kuwafundisha vijana kazi hii, kwa nini hatuhisi chochote tunapochagua ufunguo. Tunauchagua kwa haraka, kwa kile kinachoonekana kutosha, na kila kinachofuata kinajengwa juu ya uchaguzi huo. Mimi nilikuwa nikiisikia furaha iliyojengwa juu ya uchaguzi wangu, kwa masikio yangu, umbali wa mkono mmoja, na harufu yake ilikuwa nzuri.

Bishar alikuja kabla ya magharibi, akasimama nje ya mlango kama ilivyopasa. Aliliona sanduku.

"Nitakwenda mimi," aliniambia. "Ni lugha yetu. Wewe kaa."

"Aliambiwa na mimi. Kwa mdomo wangu."

"Basi wewe unaogopa nini?"

Nilimwambia yote. Kwamba atapiga kelele, kwamba jamaa zake watanishika, kwamba ataanguka pale chini asiamke, kwamba atanitazama. Alisikiliza hadi mwisho. "Hilo la mwisho litatokea," alisema. Kisha akanifundisha. Nisimwambie akiwa amesimama. Nisianze na neno la kifo. Nimtaje kijana kwanza, kwa majina yake yote kumi na moja, ili mama asibakiwe na tumaini kwamba nazungumzia mtu mwingine. Tulikaa pale, yeye juu ya jiwe nje, mimi ndani kizingitini, akinisomea na mimi nikirudia, hadi adhana ilipomwita, nami nikawa nimeyashika. Nikalirudisha sanduku uvunguni.

Asubuhi nilichelewa, kwa woga. Niliwasikia wakitoka uani baada ya sala, nikajiambia nisubiri kidogo, na kile kidogo kikarefuka. Nilipofika kwenye uwanja wa malori injini ilikuwa imekwisha kuwashwa. Mama Dahabo alikuwa juu, amekaa kwenye magunia katikati ya watu, furushi lake limefungwa kwa kamba, debe la nyirinyiri limo kati ya miguu yake.

"Mama," nilimwita. "Shuka kidogo."

"Nashuka nini? Mtu tachukua nafasi!"

"Waryaa, jamani, msichana wa mashine anataka kwenda kuolewa Lafey!" mwanamume mmoja alipaza sauti, na magunia yote yakacheka. Utingo akaupiga ubavu wa lori kwa kiganja, akisema wanaoaga waage. Mama Dahabo alinitazama, akafikiri kwamba namletea kitu cha kumpelekea mwanawe. Niliona jinsi uso wake ulivyolainika. Akashuka, akikanyaga gurudumu, akinishika bega. "Umeletea yeye nini?"

Nilimwomba tuketi. Aliketi, kwenye mchanga, kando ya gurudumu la nyuma. Bishar alikuwa amesimama mbali, karibu na kibanda cha chai, hakusogea. Nilianza. Abdi. Mohamed. Ali. Farah. Nilipofika jina la sita Mama Dahabo alikuwa ameweka kiganja chake juu ya goti langu, na nilipofika la tisa kiganja kilikuwa kizito kama jiwe, lakini hakunikatiza, aliniacha nifike mwisho. Nikasema Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Nikasema kosa lilikuwa langu, kwamba nililikata jina lake kwa kalamu, kwamba yule wa Lafey ni mtoto wa mama mwingine.

Aliendelea kunitazama. Injini ilinguruma juu yetu.

"Nani ameosha yeye?" aliuliza.

Nilimwambia. Nilikuwa nimeisoma karatasi ile mara nyingi kiasi kwamba nilikijua kila kilichomo: maalimu mwenyewe ndiye aliyemwosha, pamoja na mwanawe, siku ya Ijumaa, akazikwa upande wa juu ambako maji ya mvua hayakufika. Aliyarudia maneno hayo kwa lugha yake, taratibu. Kisha akavuta ncha ya ushungi akaufunika mdomo, na akakaa hivyo, mabega yakitikisika bila sauti. Utingo alikuja, akaona, akarudi nyuma.

"Yule mama mwingine," alisema hatimaye. "Yeye najua?"

"Bado. Hajui chochote."

"Iko wapi?"

"Hapa Iftin. Nyuma ya msikiti mdogo."

Mama Dahabo aliinuka kwa kushika gurudumu. Alimwita utingo kwa Kisomali, kwa ukali, akamwonyesha mahali alipokuwa ameketi juu ya magunia, na utingo akaingia kwa dereva, na injini ikazimwa. Furushi lake likateremshwa. Alilifungua, akahesabu nguo zake na kuzitoa, lakini debe la nyirinyiri aliliacha pale pale juu, katikati ya nafasi iliyobaki wazi.

"Kimbia," aliniambia. "Sema yeye, nafasi iko."

Nikavua viatu, nikavishika mkononi, nikakimbia.